Kifungu Kilichofunga Miradi

Karibu kila mkataba ambao serikali ya Marekani huingia na kampuni binafsi una kifungu kinachoiruhusu kuuvunja wakati wowote, hata kama kampuni haijakosea lolote. Serikali haihitaji kuthibitisha uzembe wala wizi. Inatosha kusema kwamba kuendelea hakuifai tena. Asili ya kifungu hicho ni vita. Marekani ilikihitaji ili mapigano yakiisha isilazimike kuendelea kupokea shehena za mabuti na risasi kwa ajili ya jeshi lililokwisha kurudi nyumbani. Mkandarasi analipwa kwa kazi aliyokwisha kuifanya pamoja na gharama za kufunga shughuli, wanapeana mikono, basi. Kwa mabuti, hilo lina akili. Shida ni kwamba kifungu hichohicho kilikuwemo kwenye mikataba iliyokuwa ikileta dawa za VVU (ARV) Mombasa, ikipuliza dawa-ukoko kwenye nyumba za Kanda ya Ziwa na kuwalipa mishahara watunza takwimu wa kliniki za matibabu ya VVU (CTC).

Wengi wetu tulikifahamu Januari 2025. Donald Trump aliapishwa Jumatatu tarehe 20, na siku hiyohiyo akatia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Ijumaa tarehe 24, Wizara ya Mambo ya Nje chini ya Marco Rubio ikatoa agizo la kusitisha kazi hata kwa miradi iliyokuwa imeshika kasi. Barua pepe zikaanza kushuka ngazi: kutoka Washington kwenda makao makuu ya kampuni, kutoka huko kwenda kwa mkuu wa mradi Dar es Salaam au Nairobi, kutoka kwake kwenda kwa shirika dogo lililopewa kipande cha kazi wilayani, na mwisho kabisa kwenye kundi la WhatsApp la waelimisha rika. Siku chache baadaye kulikuwa na kliniki ambako nesi wa serikali yupo, dawa zipo kabatini, ila yule aliyekuwa akiingiza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta na kuwapigia simu waliokosa tarehe zao hayupo. Mwajiri wake ni mradi, na mradi umeambiwa usiguse chochote, hata kile ambacho kilikuwa kimeshalipiwa.

Uchambuzi mwingi wa wakati ule ulibaki kwa Trump na Elon Musk, ambaye mwanzoni mwa Februari alijigamba kwamba ametumia wikendi kuitumbukiza USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, kwenye mashine ya kusaga mbao. Sishangai, maneno ya namna hiyo yanauza magazeti. Lakini watu wawili wasingeweza kuzima huduma za nchi nzima kwa barua pepe kama huduma hizo zisingekuwa zimejengwa kwa namna inayozimika kwa barua pepe. Ujenzi huo ulichukua miaka mingi. Vyama vyote viwili vya Marekani vilishiriki, na serikali zetu zilikuwa mezani muda wote zikitia saini na kupiga picha.

USAID ilianzishwa mwaka 1961 chini ya John F. Kennedy, ikiwa na wahandisi, mabwana shamba na wataalamu wa elimu walioajiriwa nayo yenyewe. Baada ya vita vya Vietnam idadi ya waajiriwa wake ilipunguzwa sana, fedha za miradi zikaendelea kutoka, na kazi ikahamia kwa kampuni. Ndipo zikakua DAI ya Bethesda, Maryland, iliyoanzishwa mwaka 1970, na Chemonics ya Washington, iliyoanzishwa 1975. Kuna Abt. Kuna RTI ya North Carolina, ambayo mzazi wa Kenya anaifahamu bila kuifahamu kupitia vitabu vya kujifunzia kusoma vya Tusome, na mzazi wa Mtwara au Iringa kupitia Tusome Pamoja. Baadhi ni kampuni za faida, baadhi zimesajiliwa kama taasisi zisizo za faida. Kwa mgonjwa aliyekaa kwenye benchi tofauti hiyo haionekani. Mwaka 2015 Chemonics ilipewa mkataba wa ugavi wa dawa na vifaa vya afya wenye ukomo wa dola bilioni 9.5, mkubwa kuliko wowote ambao USAID ilikuwa imewahi kutoa.

Kwa nini fedha nyingi hivyo kwa kampuni moja? Kwa sababu ofisa mikataba mmoja pale Washington anaweza kusimamia mkataba mmoja wa bilioni, lakini hawezi kusimamia mikataba mia ya milioni kumi kumi kwa mashirika ya Shinyanga, Kisumu na Bukavu. Kila mkataba una kurasa zake, ukaguzi wake, taarifa zake za kila robo mwaka. Kampuni kubwa ina idara nzima ya watu ambao kazi yao ni kujaza kurasa hizo, na baada ya miaka hamsini hakuna anayewashinda. Enzi za Obama, mkuu wa USAID Rajiv Shah aliweka lengo la kupitisha asilimia 30 ya fedha kwa serikali na mashirika ya nchi zinazosaidiwa ifikapo 2015. Halikufikiwa. Enzi za Biden, Samantha Power akaweka asilimia 25 kwa mashirika ya wenyeji ifikapo 2025. Nalo likaishia kwenye asilimia kumi hivi. Kwa hiyo Trump alipoingia Ikulu kwa mara ya pili, sehemu kubwa ya msaada uliobandikwa kibandiko cha "Kutoka kwa Watu wa Marekani" ilikuwa kisheria ni biashara kati ya serikali ya Marekani na kampuni au shirika la Marekani. Sisi tulikuwa eneo la kazi.

Kenya ilipata dalili ya jambo hili mapema, mwaka 2021, na inafaa tukae hapo kidogo kwa sababu kisa kile kilisahaulika haraka mno. Mzigo wa ARV wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni moja za Kenya, uliotolewa na Marekani, ulikwama bandari ya Mombasa tangu mwanzoni mwa mwaka. Zamani dawa kama hizo zilipitia KEMSA, mamlaka ya serikali ya ugavi wa dawa. Safari hii mzigo ulikuja kwa jina la Chemonics, na mamlaka ya mapato ikaona mwagizaji ni kampuni binafsi, ikadai kodi. Wamarekani nao walikuwa na hoja yao: mwaka uliotangulia KEMSA ilikuwa imegubikwa na kashfa ya manunuzi ya vifaa vya Covid, kashfa iliyowaudhi Wakenya wenyewe kuliko mgeni yeyote. Serikali ikasema dawa zipite KEMSA. Wafadhili wakasema hapana. Wakati wakubwa wanavutana, watu waliozoea kupewa dawa za miezi mitatu wakaanza kupewa za wiki chache, na wanaharakati wanaoishi na VVU wakaingia barabarani.

Katika mvutano ule kila upande ulikuwa na sehemu ya haki, na hilo ndilo linalokifanya kisa kiwe na somo kuliko hadithi ya mzungu mbaya au ya Mwafrika mwizi. KEMSA ilikuwa imejichafua. Lakini dawa ya taasisi ya umma iliyojichafua ni kuisafisha, na mkandarasi hakuajiriwa kuisafisha, aliajiriwa kuizunguka. Kila mwaka tuliozungukwa, taasisi yetu ilibaki palepale ilipo, na kila ilipobaki palepale ikawa sababu ya kuzungukwa tena mwaka unaofuata. Waziri wa fedha hakulalamika, kwa kuwa dawa zilikuwa zikifika na hakuna aliyemwomba senti. Wabunge hawakulalamika, kwa kuwa fungu hilo halikuwa kwenye vitabu vya bajeti walivyokuwa wakipitisha.

Turudi 2025. Kilichotokea mahakamani Washington kati ya Februari na Machi kinastahili kusomwa taratibu, maana ndipo inapoonekana kwamba mkataba ulikuwa ukimlinda nani.

Agizo la kusitisha kazi lilipotoka, kampuni zilikuwa na ankara ambazo hazijalipwa kwa kazi za miezi iliyopita. Huo ndio utaratibu wao: unafanya kazi kwa fedha zako au za benki, kisha unadai. Rubio alitoa msamaha kwa huduma za kuokoa maisha mwishoni mwa Januari, lakini msamaha wa karatasi haukufungua mfumo wa malipo, na maofisa waliokuwa na mamlaka ya kubofya kitufe walikuwa wamefungiwa nje ya kompyuta zao. Chemonics na DAI wakaenda mahakamani pamoja na mashirika mengine, katika kesi iliyobeba jina la Global Health Council dhidi ya Trump. Tarehe 13 Februari Jaji Amir Ali akazuia usitishaji huo kwa muda. Serikali haikulipa. Jaji akaipa hadi usiku wa manane wa tarehe 26. Serikali ikakimbilia Mahakama ya Juu, na tarehe 5 Machi majaji watano dhidi ya wanne wakakataa kuingilia. Jaji Mkuu John Roberts na Amy Coney Barrett wakasimama na majaji watatu wa mrengo wa huria. Deni lililokuwa likibishaniwa lilikaribia dola bilioni 2.

Vyombo vingi vilitangaza kwamba misaada imeokolewa. Haikuokolewa. Mahakama ilisema kazi iliyokwisha kufanyika ilipwe, kama ambavyo fundi yeyote angelipwa. Tarehe 10 Machi Jaji Ali alisisitiza malipo ya kazi zote zilizofanyika hadi tarehe 13 Februari, lakini hakuamuru mikataba iliyovunjwa irudishwe. Na siku hiyohiyo Rubio akatangaza kwamba mapitio yamekamilika: asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, mikataba 5,200 hivi, na ile elfu moja iliyobaki itahamia wizarani kwake. Mapitio yaliyopangiwa siku 90 yalikwisha kwa muda wa wiki sita na ushee. Kwa hiyo sheria ililinda ankara, na huduma ikaachwa ijitegemee. Mwezi Agosti mahakama ya rufaa ikaamua kwamba wadai hawakuwa hata na haki ya kufungua aina ile ya kesi, na tarehe 26 Septemba Mahakama ya Juu ikaruhusu serikali kuzuia dola bilioni 4 nyingine zilizokuwa zimeidhinishwa na Bunge la Marekani.

Sizilaumu kampuni kwa kudai chao. Nami ningedai. Lakini hebu tuwaangalie wale ambao hawakuwa na pa kwenda kudai. Mtunza takwimu wa kliniki kule Njombe aliajiriwa na shirika la ndani, lililopewa kazi na shirika la kimataifa, lililopewa kazi na USAID. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja, na ndani yake kuna sentensi inayosema ajira inategemea upatikanaji wa fedha za mfadhili. Hamjui Jaji Ali wala Jaji Ali hamjui. Hawezi kuishtaki Marekani, kwa sababu hana mkataba nayo. Hawezi kuishtaki Wizara ya Afya, kwa sababu hajawahi kuwa mtumishi wake, ingawa kwa miaka alikaa kwenye jengo lake, akivaa koti lake jeupe na kujaza kadi zake. Mwajiri wake wa karibu akaunti imekauka. Tena mashirika madogo ndiyo yaliyoanza kuanguka, kwa sababu hayana akiba wala mkopo wa benki wa kuyavusha wiki sita, ukiacha mwaka. Kampuni kubwa zilipunguza wafanyakazi kwa mamia, zikauguza jeraha, zikabaki hai. Yaani agizo lililotangazwa kuwa linawapiga wanene wa Washington liliwaua kwanza wembamba wa wilayani.

Suala la nani anamiliki nini lilijitokeza wazi zaidi kwenye ghala moja la Geel, nchini Ubelgiji. Humo kulikuwa na vipandikizi, sindano na vidonge vya uzazi wa mpango vya thamani ya takriban dola milioni 9.7, vilivyonunuliwa kwa fedha za USAID kupitia mnyororo wa ugavi wa mkandarasi na kupangiwa nchi za Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizopangiwa mgawo mkubwa, pamoja na Kenya na Kongo. Vilikuwa vizima, muda wa matumizi wa vingi ulikuwa uishe kati ya 2027 na 2031. Julai 2025 serikali ya Marekani ikathibitisha kwamba vitateketezwa, kwa gharama ya dola 167,000. Shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu lilijitolea kuvinunua. MSI Reproductive Choices, shirika la huduma za uzazi wa mpango, ilijitolea kuvichukua na kulipia usafiri. Majibu yakawa hapana.

Soma tena hapo. Bidhaa imelipiwa, imefungwa, imeandikwa jina la nchi itakayokwenda, na mtu yuko tayari kuisafirisha bure. Hata hivyo zahanati ya Tanzania iliyokuwa ikiisubiri haikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba vile vipandikizi ni vyake. Havikuwa vyake. Kwa mujibu wa mikataba ile, mali hubaki ya serikali ya Marekani hadi ikabidhiwe, na makabidhiano hufanyika mwisho wa safari, kule mlangoni kwa Bohari ya Dawa. Kama umiliki ungehama siku ya kununuliwa, mwenye kuamua kuhusu ghala la Geel angekuwa mtu mwingine. Ni jambo la mstari mmoja kwenye mkataba. Miaka yote ile ya warsha za Morogoro na Naivasha, zenye bango nyuma, chai saa nne na posho saa kumi, sidhani kama mstari huo ulipata hata nusu saa ya kujadiliwa.

Na takwimu? Zile tafiti za afya na idadi ya watu ambazo kila mwandishi, mbunge na mhadhiri hunukuu anapozungumzia vifo vya wajawazito au udumavu zilikuwa zikiendeshwa na wakandarasi tangu miaka ya 1980, na wa mwisho alikuwa ICF. Mkataba ulivunjwa Februari 2025, na kwa miezi kadhaa hata watafiti wapya waliotaka data za zamani hawakuweza kuzipata. FEWS NET, mfumo wa kutoa tahadhari za njaa ulioanzishwa mwaka 1985 baada ya ukame mkali wa Ethiopia, ulizimika mwishoni mwa Januari. Mkandarasi wake alikuwa Chemonics. Ofisi zetu za takwimu zina wataalamu, na ndio waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba na dodoso mkononi. Kilichokosekana kilikuwa fedha za awamu inayofuata na ufunguo wa hazina ya kumbukumbu, na vyote vilikuwa ng'ambo.

Siku chache baada ya amri ya Trump, Uhuru Kenyatta alisimama kwenye mkutano wa afya Mombasa akawauliza wanaolia wanalilia nini, ilhali ile si serikali yao, si nchi yao, na kodi ya Marekani hawalipi. Video ilisambaa, watu wakapiga makofi, na kila ukurasa wa Facebook ukatukumbusha kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Alisema kweli. Ila alikuwa Rais wa Kenya kuanzia 2013 hadi 2022, na ARV zilikwama bandarini yeye akiwa Ikulu. Na ile methali, pamoja na uzuri wake, inatutoa kwenye hoja. Inalaumu kutegemea, wakati nchi nyingi zimetegemea misaada na zikaondoka nayo zikiwa na viwanda, vyuo na wizara zinazojua kazi. Swali gumu zaidi ni tulitegemea kwa masharti gani, na nani upande wetu aliyasoma kabla ya kutia saini. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kule Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi nyingi hazijawahi kufika hapo hata mwaka mmoja, na mkandarasi wa kigeni ndiye aliyewawezesha kutofika bila wapiga kura kugundua.

Kwa upande mwingine, wale waliokuwa wakizishambulia kampuni hizi hawakuwa wakizua. Mkakati wa afya uliotolewa na serikali ya Trump Septemba 2025 unasema ni asilimia 40 tu ya fedha za afya iliyokuwa ikienda kwenye dawa, vifaa na wahudumu wa mstari wa mbele. Asilimia 60 ilikwenda kwenye ushauri wa kitaalamu, usimamizi na uendeshaji. Mtu anaweza kubishana na namna walivyopanga mafungu, maana mshauri anayemfundisha mfamasia kukadiria mahitaji ya robo mwaka si sawa na kodi ya ofisi Washington. Hata hivyo kila aliyewahi kufanya kazi kwenye mradi anajua ukweli uliomo. Juni 2025 aliyekuwa ofisa mikataba wa USAID alikiri mahakamani kupokea rushwa kwa miaka, kuhusiana na mikataba ya zaidi ya dola milioni 550. Kwa hiyo kidonda kilikuwepo. Aliyepewa kisu hakukitumia kwa kidonda peke yake.

Julai mosi 2025 USAID ilikoma rasmi kuendesha misaada, na kilichobaki kikawa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Hapa ndipo wengi walipodhani enzi ya wakandarasi imekwisha. Desemba 4 Kenya ilitia saini Washington makubaliano ya afya ya miaka mitano, Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi na Rubio wakiwa na kalamu, Rais William Ruto akishuhudia. Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6, Kenya nayo iongeze dola milioni 850 kutoka mfukoni mwake. Rubio alisema wazi kwamba fedha hazitapita tena kwa mashirika yaliyogeuza misaada kuwa kiwanda. Zitakwenda serikali kwa serikali. Rwanda ikafuata siku moja baadaye, kisha Uganda.

Kwa jicho langu hatua hii ni bora kuliko ile ya zamani, na nasema hivyo nikijua imeletwa na watu nisiowaamini. Fungu likipita hazina, Mkaguzi Mkuu atalikagua, mbunge atauliza swali, mwandishi ataomba nyaraka. Mtunza takwimu anaweza hatimaye kuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na Tanzania tayari imeanza kutafuta fedha zake: bajeti ya 2025/26 ilileta tozo mpya kwa ajili ya Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote.

Ila tusijidanganye kwamba wakandarasi wameondoka. Siku chache kabla ya Kenya kusaini, Washington ilitangaza hadi dola milioni 150 kwa Zipline, kampuni ya California ambayo tangu 2016 imekuwa ikirusha damu na dawa kwa droni nchini Rwanda, ili ipanue huduma hizo Rwanda, Kenya na nchi nyingine za Afrika. Inalipwa kwa matokeo, serikali za Afrika zitalipia matumizi, na hilo ni afadhali kuliko kulipia warsha. Lakini bado ni kampuni ya Marekani, kwa mkataba wa Marekani, na vifungu vya Marekani. Tumebadilishiwa dalali, mwenye nyumba ni yuleyule.

Kuna jambo jingine ambalo hata mimi nisiyewapenda wakandarasi lazima nilikubali. Walikuwa kinga. Marekani ilipokasirishwa na serikali fulani kwa uchaguzi au haki za binadamu, fedha za ARV ziliendelea kutiririka kwa sababu hazikupita mikononi mwa serikali hiyo. Mfumo mpya unaiondoa kinga hiyo. Ugomvi wa mabalozi sasa unaweza kugusa moja kwa moja fungu la kliniki. Desemba 2025, baada ya umwagaji damu wa uchaguzi wa Oktoba 29, Marekani ilitangaza kwamba inapitia upya uhusiano wake wote na Tanzania. Mtu anaweza kuunga mkono shinikizo hilo na papo hapo akauliza mgonjwa wa Makambako amelichangia nini.

Nairobi imeonyesha angalau jinsi ya kusoma karatasi. Wiki moja baada ya makubaliano kusainiwa, Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu inayohusu kupeleka taarifa za wagonjwa ng'ambo, kufuatia kesi ya shirikisho la watumiaji bidhaa na huduma. Walalamikaji walishughulika na faragha, na ni sawa. Ningependa kuona kesi, au tuseme swali bungeni tu, kuhusu kifungu cha kuondoka: taarifa itolewe miezi mingapi kabla? Dawa inakuwa mali ya nani, na kuanzia siku gani? Kumbukumbu zikikaa kwenye seva ya kampuni, nakala yetu iko wapi? Wafanyakazi waliohamishiwa serikalini wanalipwa na nani ikiwa upande mmoja utajitoa katikati ya mwaka wa fedha? Makubaliano ya Kenya ni ya miaka mitano, na rais mwingine wa Marekani ataapishwa Januari 20, 2029, yakiwa bado hayajamalizika.